Nilivyosimama kwa Mguu Mmoja Nairobi

Langoni,
Lamu.
10 Shaaban 1446
(9 Februari 2025)

Mpendwa dadangu Rawiya,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, dada. Naomba barua hii ikukute umeamka na afya, goti halikusumbui kama mwaka jana, na hewa ya Maskati bado ni ile ya ubaridi unayoipenda kabla jua halijaanza ukali wake. Shemeji Jeilani naye hajambo? Macho yake yanaonaje baada ya upasuaji? Kila nikimaliza kusali huwataja nyote kwa majina, nikianza na wewe.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Shemejiyo Swafwan anachonga mlango wa nyumba moja ya Shela, mbao zimejaa hadi dakani pale mlangoni, na unga wake unaingia mpaka kwenye chai. Paa tulilitia chokaa upya. Yule paka mwenye jicho moja uliyekuwa ukimlisha ulipokuja bado yu hai, na bado hamtaki mtu mwingine.

Najua unashangaa kupata karatasi badala ya simu. Tangu Septemba hatujasemezana, na kosa silitupi kwako. Kwenye simu maneno hunikimbia. Wewe ukipandisha sauti kidogo tu, mimi hurudi kuwa mtoto wa miaka saba unayemsuka nywele na kumwambia atulie. Kwa kalamu angalau naweza kumaliza sentensi. Bi Swafiya, jirani yetu, anasafiri Jumatano kwenda kumtazama mwanawe huko, nami nimemuomba akuletee mkononi.

Dada, nilikwenda. Nalisema mapema ili usisome ukingojea niseme vingine. Mwezi uliopita nilikwenda Nairobi na Razan kwenye mashindano ya kimataifa ya taekwondo, nchi kumi na tisa, na sikwenda kumbebea mwanangu mkoba. Nilikwenda kushindana.

Uliniambia kwamba mtu wa miaka hamsini na miwili kurusha miguu mbele ya watu ni aibu, na kwamba marehemu mama angesikia angelia. Kisha ukakata simu. Sikukasirika. Niliketi ngazini mpaka Swafwan akaja kuniuliza kama kuna msiba. Lakini nilijua pia kwamba umenihukumu bila kujua jambo moja, na hukulijua kwa sababu sikuwahi kukwambia.

Unaukumbuka mwaka niliomzaa Famau. Alikaa duniani siku mbili. Ulinipigia simu kila siku kwa mwezi mzima, nami kila siku nikakwambia nimepoa. Sikupoa, dada. Kichwa kilikubali, kwa kuwa ni amri ya Mwenyezi Mungu na sote ni wake. Mikono ndiyo iliyokataa. Ilikaa imekunjika hivi, kama inayobeba. Nikikuna nazi, nikifagia, hata nikitembea sokoni, nilijikuta mkono wa kushoto umepinda kifuani na hauna kitu ndani. Nilikuwa nazunguka humu nyumbani kama mtu aliyemo ndani ya ndoto ya mtu mwingine, nangoja mwenye ndoto aamke ili na mimi niondoke.

Wakati huohuo Razan, aliyekuwa na miaka minane, alitushikilia kwamba anataka taekwondo. Mwalimu Bramwel, mtu wa Kakamega anayefundisha hesabu sekondari, alikuwa ameanza kuwafunza watoto kwenye ukumbi nyuma ya shule. Swafwan alikubali kwa sharti kwamba mimi nitakuwapo. Basi nikawapo. Miezi saba nilikaa kwenye benchi, buibui langu na kikapu changu, natazama watoto thelathini wakishusha mikono kwa pamoja.

Siku moja mwalimu alinikuta nimesimama mwisho wa ukumbi. Sikujua nimesimama saa ngapi. Mkono wangu ulikuwa unashuka pamoja na wa watoto. Niliona haya, nikataka kuketi, lakini yeye hakucheka.

"Mama Razan," akasema, "ngumi ifunge vizuri. Halafu uishushe kutoka begani mpaka juu ya paja. Ukiifikisha, iache hapo kidogo."

Nikaifunga, nikaishusha, nikaiacha pale. Dada, mikono yangu ilipata kazi. Sijui nikueleze vipi zaidi ya hapo. Usiku ule nililala mpaka alfajiri, mara ya kwanza tangu tumzike mwana.

Tangu hapo imekuwa miaka tisa. Mwalimu alitutengea akina mama saa moja baada ya Alasiri, milango imefungwa, na tulianza watu watano. Wengine waliacha, mimi nikaendelea. Mwaka juzi nilipata mkanda mweusi. Sikukwambia hilo pia, nisamehe.

Usidhani kwamba napigana na mtu. Kuna kupigana, na hiyo ndiyo kazi ya Razan. Yangu inaitwa pumse: unasimama peke yako kwenye jamvi, ukafuata mpangilio wa kinga na mapigo tangu mwanzo hadi mwisho, bila mpinzani, na waamuzi watano wanatazama kama mguu umekaa mahali pake na kama pumzi imetulia. Mapigo mengine huenda polepole sana, polepole kama mtu anayefunika mtoto shuka. Ukiwa ndani yake husikii kitu.

Aliyeniandikisha kwa Nairobi ni Razan. Alijaza fomu yangu pamoja na yake bila kuniuliza, akaja kuniambia siku ambayo majina yalishapelekwa. Hapo ndipo nilipokupigia wewe kukutaka shauri, na yakawa yale yaliyokuwa. Swafwan alikaa siku mbili hasemi. Siku ya tatu aliweka patasi chini akasema, "Enda na mwanao. Rawiya ni dadako, nami ni mumeo, na Mngu ndiye ajuaye nia. Ndia nimekupa." Njia nimepewa, na yeye akaishika patasi tena. Unamjua, hayo kwake ni hotuba.

Nairobi, dada, ilitupokea kwa baridi na ukungu. Tulifika asubuhi, na majumba yalikuwa yamekatika katikati, vichwa vyake havionekani. Ukumbi wenyewe ni mkubwa kuliko msikiti wowote niliowahi kuingia, na ndani yake kulikuwa na majamvi sita ya buluu na mekundu, bendera zimening'inia kutoka darini hazitikisiki, na watu wa kila rangi waliovaa nyeupe wakipita bila viatu. Hakuna kishindo cha miguu. Nilitembea katikati yao na sikuwa na hakika kama nimeamka. Mwanamke mmoja wa Iran, umri kama wangu, mtandio kichwani kama wangu, alinipa tende mbili kutoka mkobani mwake, akaenda zake. Mpaka leo tende zile nazisikia ulimini.

Ijumaa ilikuwa siku ya Razan. Sasa ana miaka kumi na saba, mrefu kunishinda, na akivaa ile kinga ya kifua na kofia juu ya mtandio simtambui. Namtambua kwa namna anavyochezesha vidole vya mguu wa kulia kabla ya kuanza. Pambano la kwanza alikutana na msichana wa Uganda akamshinda raundi mbili mfululizo. Nilipiga kelele mpaka Mwalimu Bramwel akageuka kunitazama.

La pili lilikuwa robo fainali, na msichana wa Moroko, miguu kama ya korongo. Mshindi angekuwa na uhakika wa medali, kwa sababu wanaoshindwa nusu fainali hupewa shaba wote wawili. Raundi ya kwanza ilikwenda Moroko, ya pili Razan. Ya tatu Razan aliongoza kwa pointi mbili zikibaki sekunde saba. Sekunde saba, dada, ni kiasi cha kusema bismillahi mara tatu kwa utulivu. Yule msichana akajongea, mguu ukapanda, ukagusa kofia. Pointi tatu. Saa ikalia.

Razan aliinama kwa heshima kama alivyofunzwa, akampa mkono kocha wa mwenzake, akaja akaketi karibu nami, akavua kofia. Hakulia. Nilimwita, akasema, "Niko sawa, Mama." Jioni hakula. Nilimpa chai akaishika mpaka ikapoa. Yule wa Moroko baadaye ndiye aliyechukua dhahabu, lakini hilo halikumsaidia kitu mwanangu wakati ule.

Asubuhi ya Jumamosi ilikuwa zamu yangu, na mimi sikuitaka tena. Nilimtazama Razan akikunja nguo zake kimya nikajiuliza, mama gani huyu atakayekwenda kutafuta medali juu ya machozi ambayo mwanawe bado hajayatoa? Miaka tisa mtoto anasumbuka, kisha mimi nije na kikapu changu nipite mbele yake? Nikaenda kwa Mwalimu Bramwel, nikamkuta anakunywa uji kwenye kantini ya pale.

"Mwalimu, nifute jina."

"Mimi siwezi kukufuta, Mama Razan. Aliyekuandika ni Razan. Nenda umwambie yeye."

Nilirudi. Nilikuwa nimetayarisha uongo kuhusu mgongo. Razan hakuniacha niumalize.

"Mama, mgongo hauna kitu. Unataka kujitoa kwa ajili yangu."

Nikageukia mkoba wangu.

"Jana nimepoteza pambano moja," akasema. "Ukijitoa leo nitakuwa nimepoteza mawili. Na hilo la pili silitaki. Hilo sitalisahau."

Kisha akalichukua lile koti langu, la watu wazima waliopita hamsini, rangi ya manjano kama binzari na suruali yake ya buluu ya kuiva, akalinyoosha kwa mikono kwa kuwa pasi hakuna, akanivisha kama mimi nilivyokuwa nikimvisha yeye. Suruali ni pana, dada, na koti linafika mapajani, na mtandio wangu ulikuwa mweusi na umebanwa kwa pini nne. Nakuandikia haya kwa sababu najua ulijiuliza.

Tulikuwa wanawake sita: Iran, Ufilipino, Uturuki, Uganda, Tanzania, na mimi. Kila mmoja alitakiwa kuonyesha mipangilio miwili. Wa kwanza niliumaliza bila kosa la kuonekana.

Wa pili una mahali pa kusimama kwa mguu mmoja. Unaukunja mguu mwingine gotini, mkono mmoja unapanda juu ya kichwa, mwingine unashuka, uso unageuka ubavuni, na unakaa hapo. Watu wa umri wetu huogopa hapo. Mimi niliogopa hapo miaka yote tisa. Niliupandisha mguu.

Na hapo, dada, ukumbi ukaondoka. Sisemi kwa kupamba. Sauti zilififia, bendera zikafifia, na nikaona birika la msalani la nyumba ya bibi, lile hodhi la maji la kujengwa, unalikumbuka? Maji meusi yametulia, sahani ya kaure chini kabisa imekaa kama mwezi, na vile visamaki vinavyokula vijidudu vya mbu vimesimama majini, haviendi mbele wala nyuma. Wewe ulikuwa ukinishika kiuno nisitumbukie, unaniambia nisipumue nisije nikavitisha. Nilikuwa nimesimama vile vile. Nilihisi mkono kiunoni, wallahi. Na mikono yangu miwili, mmoja juu na mmoja chini, haikuwa imebeba kitu, wala haikutafuta cha kubeba. Nilijua hivyo kama unavyojua kwamba mvua imekatika. Famau alikuwa huko aliko, nami nilikuwa pale.

Sijui ilikuwa sekunde ngapi. Kisha mguu ulitikisika, nikauweka chini mapema kuliko inavyotakiwa, nusu hatua nje ya mstari. Nilisikia mtu akivuta pumzi kule vitini. Wamekata alama kwa hilo, na ni haki yao. Nikaendelea mpaka mwisho, nikainama, nikatoka.

Matokeo yalitoka kwenye kioo kikubwa. Iran dhahabu, yule wa tende. Ufilipino fedha. Uturuki shaba. Jina langu lilikuwa la nne, nikaanza kukusanya viatu vyangu. Mwalimu Bramwel akaja mbio, yeye ambaye sijawahi kumuona akikimbia nje ya jamvi.

"Mama Razan, unaenda wapi? Shaba ni mbili! Wa tatu huwa wawili!"

Waliita "Mahfudha" kwa kipaza sauti, wakalitamka vibaya, na nilipanda kwenye kile kijukwaa nikiwa na kiatu kimoja mkononi. Ipo picha. Usiitazame sana. Medali ni nzito kuliko ilivyo kwa macho, na baridi yake ilipita nguo mpaka kifuani.

Razan alinijia bila kutabasamu. Aliweka paji la uso begani kwangu, akalia kilio cha jana chote, mpaka bega likalowa, na mimi nikamshika. Mikono yangu ilijua la kufanya. Nilipompigia Swafwan, alinyamaza nikadhani simu imekatika, kumbe amekaa juu ya mlango wa watu anajipangusa macho kwa mkono wenye unga wa mbao. Mpaka tuliporudi jicho lilikuwa jekundu.

Kenya kwa jumla ilipata dhahabu mbili, fedha tatu na shaba saba, ikawa ya sita. Moja katika hizo saba iko kwenye kasha langu la mbao, chini ya leso. Sikuitundika.

Tuliporudi niliogopa maneno ya mtaani. Yalikuwapo machache, siwezi kukuficha. Lakini siku ya tatu mlango uligongwa, nikafungua nikamkuta Bi Alawiya, aliye karibu na miaka sabini, ameshika ukuta.

"Mahfudha, wambiwa umesimama kwa guu moya Nairobi. Nifunde. Yana nimeteleza msalani, na hapana wa kuniinua."

Nikamwambia mimi si mwalimu. Razan, aliyekuwa ndani amejilaza tangu tulipofika, akatoka. Alikuwa ameapa kwamba haitaki tena taekwondo. Akamshika Bi Alawiya mikono yote miwili, akamwambia, "Bibi, tuanze na miguu yote miwili. Huo mmoja baadaye." Wakacheka wote wawili. Jana wanawake tisa walikuwa uani kwetu, wazee watupu, wameinua visigino na kushusha, na Razan katikati yao akihesabu kwa sauti. Leo asubuhi amerudi kwa Mwalimu Bramwel kwa miguu yake.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Wateuzi wa timu ya Kenya walimtazama Razan vizuri siku ile ya Nairobi. Jina lake limo kwenye timu itakayopigana nje, wiki mbili baada ya Idi, na mashindano hayo ni huko Maskati. Mimi sitashindana, huko hakuna wa umri wangu. Nitakuja kama mama yake, kukaa kitini na kunyamaza nikiweza. Tutakuwa mjini kwako siku sita.

Sikulazimishi uje kutazama. Ukiona bado haifai, nitaiheshimu rai yako kama nilivyoiheshimu siku zote, hata siku nisiyoifuata. Nimetaka tu uisikie habari hii yote kutoka kwangu, na mwanzo wake, kabla hujanisikia niko karibu.

Nisalimie shemeji Jeilani kwa heshima zote, na mwanao Abdulwahid na mkewe, na wajukuu ambao sijawabeba. Swafwan anakusalimu. Bi Alawiya anakusalimu, na anasema kitambaa cha darizi ulichomuahidi bado anakingoja. Mwenyezi Mungu akufikishe Ramadhani ukiwa na afya na nguvu ya kuifunga, akupe usingizi mwema, na auweke moyo wako mahali pasipo na uzito. Amin.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hata ukiwa umenuna anakupenda,

Mahfudha

Mama mkubwa, shikamoo. Huyu ni Razan. Mama amenipa barua niitie kwenye bahasha na nimeisoma, najua si adabu. Kuna kitu amekiruka. Amesema alimpigia baba. Ni kweli, lakini baba alikuwa wa pili. Aliposhuka pale jukwaani, kiatu bado mkononi, namba ya kwanza aliyobonyeza ilikuwa yako. Iliita mpaka ikakatika yenyewe, akasema labda umesimama kusali. Timu wametupangia hoteli. Mimi nataka tulale kwako.